Aliyeshika Kiboko

Kwenye semina nilisema bila kusita kwamba ule mchoro haunigusi. Projekta ilikuwa imeutupa ukutani: ua wa jela, bendera, wafungwa waliovaa nguo za mistari, mmoja amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika kainua kiboko, na Mzungu kasimama anatazama. "Nyuso hazina kitu," nilisema. "Anayepigwa haonyeshi uchungu, anayepiga haonyeshi hasira." Mhadhiri akaandika jambo kwenye daftari lake, hakunijibu.

Mchoraji ni Tshibumba Kanda Matulu, na mchoro unaitwa Colonie Belge. Miaka ya 1970, Lubumbashi na miji jirani ya migodi, wachoraji walilichora tukio hili tena na tena na kuwauzia watu wa kawaida. Tshibumba alichora hata juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Baadhi ya nakala zimeandikwa 1885–1959. Mwanahistoria atalalamika kwamba Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold mwaka 1908. Kwa aliyelazwa chini, nadhani, tofauti haikuwa kubwa.

Kilichonisumbua zaidi ni mahali picha hizi zilipotundikwa: sebuleni. Nani anawakaribisha wageni chini ya kiboko? Johannes Fabian, aliyefundisha chuo kikuu huko Lubumbashi na kuzungumza sana na Tshibumba, anaeleza kwamba wenyewe walikuwa na neno la Kiswahili kwa picha za aina hii: ukumbusho. Nililipita haraka. Ni neno letu, nikadhani nalijua.

Likizo ilipofika nilichapisha mchoro ule kwa rangi stesheneri, nikaenda nao kwa babu, Muheza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Leo umeniletea nini?"

Aliishika karatasi mbali, kisha karibu. Nilisubiri amtazame aliyelazwa. Kwetu tumekua tukiambiwa kwamba baba yake babu aliteswa na wakoloni. Shangazi ndiye msimuliaji mkuu, na akifika kwenye viboko hushusha sauti. Hadithi hiyo niliiandika hata kwenye barua ya kuomba nafasi ya uzamili. Nilijivunia, tusifichane.

Kidole cha babu kikaenda kwa askari.

"Kaptula ya baba ilikuwa hivi hivi," akasema. "Mama akiipiga pasi kila Jumapili jioni."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Si alikuwa mfungwa, babu?"

"Nani kakwambia? Alikuwa askari jela."

Kuku alipita kati yetu, hakuna aliyemfukuza. Babu akaendelea kuikodolea macho karatasi. Alisema kuna siku baba yake alirudi nyumbani na mkono unatetemeka, mama akamshikia bakuli la uji kama mtoto. Siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Nilimuuliza kama aliwahi kueleza anachokifanya huko kazini. Babu akatikisa kichwa, na sikujua kama anakataa au ananizuia nisiulize zaidi.

Niliutazama upya ule uso wa askari niliosema hauna kitu. Ulikuwa vilevile, rangi bapa na macho mawili. Lakini babu alikuwa ameutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama picha yoyote, hata za harusi yake. Kama Tshibumba angemchorea askari yule ukatili, meno nje na macho mekundu, sidhani kama babu angempata baba yake pale. Angemwona mtu mbaya tu, wa Kongo, wa zamani, asiyemhusu.

Nilinyoosha mkono nichukue karatasi yangu.

"Iache."

Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kasha la miwani.

"Shangazi yako usimwonyeshe," akasema.