Amri Moja, Kompyuta Tisa

Leo tunaomba radhi kwa kuzungumzia kosa letu wenyewe.

Ofisi ya kamati na chumba cha masomo vina kompyuta tisa. Hapo zamani, kila lilipotakiwa jambo, tulizunguka meza hadi meza. Kisha tukajifunza PowerShell, programu ya Microsoft iliyotolewa mwaka 2006, ambayo tangu toleo lake la pili, la mwaka 2009, humwezesha mtu kuketi penye kompyuta moja akaziamrisha nyingine kwa maandishi. Kila kompyuta hufunguliwa kwanza mlango huo kwa Enable-PSRemoting, kwani kwa kawaida huwa umefungwa. Baada ya hapo neno Invoke-Command, likifuatiwa na majina ya kompyuta, hupeleka amri kwa zote kwa pamoja. Kazi ya alasiri nzima ikawa ya dakika moja, nasi tukajiona mafundi.

Jioni moja tuliagiza zifutwe faili zote ambazo hazikubadilishwa kwa siku 30, ili tupate nafasi. Hatukukumbuka kwamba kompyuta ya tatu ilihifadhi alama za mitihani ya watoto, za miaka mitatu. Amri ya Remove-Item haipeleki kitu kwenye pipa la taka, ikifuta imefuta. Tena ikifaulu haisemi neno, nasi ukimya ule tukaudhania heri.

Lipo neno dogo, WhatIf, ambalo likiongezwa mwishoni mwa amri hiyo, programu hukutajia faili moja moja ambazo ingezifuta, bila ya kuzigusa. Tulikuwa tunalijua. Hilo ndilo linalotuuma zaidi, kwani mjinga ana udhuru. Lau tungesimama mbele ya kompyuta ile kama zamani, tungeyaona majina ya madarasa, na mkono ungesita.

Asubuhi yake ustadh alipoziulizia alama, tulimweleza yote. Hakufoka. Alikwenda nyumbani akarudi na madaftari yake ya mkono, akayaweka mezani, akatuuliza kama tuna kalamu ya ziada.

Tangu hapo, kila usiku baada ya Isha, tunaandika upya. Miaka miwili imekamilika. Daftari la mwaka wa kwanza limeliwa na mchwa kurasa kadhaa; mzazi aliyehifadhi ripoti ya mwanawe ya mwaka huo tunamwomba atuletee ofisini, tuinakili na kumrudishia papo hapo.