Mchezo wa Fundi

Mjukuu wangu alipofanya mtihani wa mkanda wa kijani wa karate, mwalimu wake, kijana mtaratibu ambaye sina ubaya naye, alitueleza sisi wazazi na mababu tuliokaa kwenye viti vya plastiki kwamba kata, yaani mfululizo wa mapigo, aliyokuwa anaicheza mtoto ina maelfu ya miaka. Mtindo wa kupigana, akasema, haubuniwi, hurithiwa, na hapa kwetu hajapata kutokea mtu wa kuanzisha wake. Kata yenyewe ilikuwa Gekisai ya kwanza ya Goju-ryu. Miyagi Chojun wa Okinawa aliitunga mwaka 1940 ili karate ifundishike kwa vijana wa shule. Mama yangu alikuwa amekwisha kuzaliwa.

Nilisubiri watu watawanyike, nikamweleza. "Ahsante babu," akajibu kwa adabu huku anakunja mikeka ya sponji, nami nikaona wazi kwamba halijamwingia. Niliporudi nyumbani nikafungua vitabu vyangu. Kano Jigoro alianzisha judo mwaka 1882. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule, alipata ukumbi wake wa Shotokan mjini Tokyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1930. Jina la taekwondo ni la mwaka 1955. Mestre Bimba alifungua shule yake ya capoeira mjini Salvador, Brazili, mwaka 1932, na Bruce Lee akaupa mtindo wake jina la Jeet Kune Do mwaka 1967. Tarehe nimezihakiki na sasa naziacha zipumzike. Kila mmoja wa hao alikuwa mtu mwenye jasho lake, aliyejifunza kwa wengine, akaona pengo, akaliziba. Na sisi Magomeni tulikuwa na wetu.

Alikuwa fundi cherehani. Tulimwita Fundi tu, na hadi anakufa sikusikia mwanafunzi akimwita sensei. Kwao Pemba, na ujanani alicheza kirumbizi, fimbo mkononi, zumari na ngoma zikimzunguka. Akaja bara, akapata kazi ya kushona mahema na sare katika kambi za Reli ya Uhuru, na huko kila alfajiri aliwaona baadhi ya mafundi wa Kichina wakinyoosha viungo kabla ya chai, taratibu, bila kelele. Wenzake walicheka. Yeye alisimama mbali akatazama wanavyohamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Reli ilipokwisha akarudi Dar es Salaam, akapanga baraza Magomeni Mapipa, akaweka cherehani mbili: Butterfly ya Kichina na Singer ya zamani aliyoipata kwa mkwewe.

Nyuma ya baraza palikuwa na ua wenye mwembe mmoja. Sakafu yake ilikuwa mchanga, na juu ya mchanga Fundi alimwaga maranda yaliyoletwa kwa mkokoteni kutoka kwa maseremala wa Keko. Masika yakiingia maranda yalilowa, ukapanda harufu ya mninga, ikachanganyika na mafuta ya cherehani na mkaa wa pasi uliokuwa unapoa barazani. Niliijua harufu hiyo kuwa ndiyo harufu ya kupigana kabla sijapigwa hata kofi. Kwenye tawi la mwembe lilining'inia gunia lililoshindiliwa maranda, na ukutani palisimikwa ubao uliozungushiwa kamba ya katani, ambao uliwatoa ngozi vidoleni wageni wote wenye haraka.

Ilikuwa miaka ile ya sabini ambapo kila mvulana wa mjini alikuwa anapiga kelele za Bruce Lee. Tulipanga foleni kwenye majumba ya sinema ya Empire, Avalon na New Chox, na tukitoka, mtaa mzima ulikuwa mateke. Fundi naye alikwenda, ila alipapenda zaidi nje ya sinema ya Drive-In, pale palipo ubalozi wa Marekani siku hizi. Sauti ilikuwa inatoka kwenye spika za ndani, karibu na magari, kwa hiyo aliyesimama nje alipata picha bubu. Alitupeleka makusudi. Ngumi ya sinema, alisema, nusu yake ni mlio. Ukiutoa mlio unaona nani kasimama vibaya, nani anamsubiri mwenzake ampige, na nani kweli anajua. Nimekwisha kuwaonyesha wajukuu wangu filamu za mapigano kwa kuzima sauti ya televisheni, na bado sijaona darasa lililo bora kuliko hilo kwa mtu anayeanza.

Alichokiona alikiandika kwenye daftari la vipimo. Ukurasa wa kushoto kulikuwa na bega, kiuno na urefu wa suruali za wateja; wa kulia, vijitu vya mistari vikikunja magoti. Kila pigo liliwekwa kwenye majaribio kabla halijafundishwa. Mfupi alilijaribu kwa mrefu na mwembamba kwa mnene. Lilijaribiwa kwa kandambili, kwa miguu mitupu, gizani, na juu ya maranda yaliyolowa. Binti wa jirani, aliyekuwa mwanafunzi pekee wa kike kwa muda mrefu, alilijaribu akiwa amejifunga khanga. Pigo lililoshindwa mahali pawili lilichorwa mstari kwa penseli nyekundu. Mateke ya kichwani, tuliyoyapenda kuliko kitu chochote, yote yalipata mstari mwekundu katika masika ya kwanza. Tulinung'unika sana. Fundi alimwita aliyenung'unika zaidi, akamwambia ampige teke la kichwa pale pale kwenye utelezi, na mjadala ukafungwa na mgongo wa yule kijana.

Yaliyobaki yalikuwa machache na yalikuwa na majina ya kazi yake. Kupiga pasi ni kufagia mguu wa mbele wa mwenzako, unyayo ukipita chini kabisa, karibu uguse ardhi. Pindo ni kuukunja mkono unaokuja, kwanza kwenye kiwiko, kisha kwenye bega. Lakini pigo lililokuwa lake hasa, ambalo sijaliona likifanywa namna ile mahali pengine popote, ni kutia uzi. Mwenzako ameinua mikono miwili kujikinga. Wewe huishughulikii mikono. Unaupenyeza mkono wako wa mbele katikati ya mikono yake, kiganja kikitazama chini, na kinapopita masikio yake unakigeuza, unashika kisogo. Hapo ndipo mguu wako wa nyuma unapotembea, nao hauji mbele, unakwenda pembeni. Ukija mbele mtagongana vifua na mwenye kilo nyingi atashinda. Ukienda pembeni kichwa chake kinashuka, na mwili hauna budi kukifuata. Fundi alikuwa mtu wa kilo hamsini na kitu. Alimwangusha mbeba mizigo wa Kariakoo kwa njia hiyo mbele yetu, kisha akamwinua, akamfundisha na yeye.

Ada hatukulipa fedha. Tulichota maji, tulifagia vipande vya vitambaa, na kila mwanafunzi mpya alitia vifungo na kushona mapindo kwa mkono kwa miezi kabla hajaruhusiwa kugusa gunia. Mtihani wake ulikuwa wa namna ya peke yake. Ukidai umeliweza pigo, alikupa mtoto mdogo wa mtaani umfundishe pigo hilo. Siku ya mtihani hakukutazama wewe kabisa. Alimtazama mtoto. Mtoto akikosea, umeanguka wewe, unarudi naye uani. Nimepita kwenye shule za watu wenye vyeti vikubwa na sijaona kipimo kikali kuliko hicho, kwa sababu hakidanganyiki. Mtu anaweza kuficha udhaifu wake kwa nguvu na wepesi wa mwili, lakini hawezi kuuficha ndani ya mwili wa mtoto wa watu.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa Jumamosi. Mwenye mtindo wake mwenyewe ana hatari moja ambayo mwenye kurithi hana: juu yake hapana mtu. Wanafunzi wanamheshimu, wanamwangukia, na baada ya miaka michache anaamini kwamba wanaanguka kwa sababu ya pigo. Fundi alilijua hilo mapema. Kwa hiyo Jumamosi mlango wa ua ulikuwa wazi kwa wageni. Walikuja mabondia, wakaja wacheza mieleka kutoka bandarini, wakaja na vijana wa Goju-ryu, karate ambayo Nantambu Bomani, Mmarekani Mweusi, aliileta Dar es Salaam miaka hiyo hiyo. Walitupiga. Mabondia hasa walitupiga bila huruma, maana kutia uzi kunamtaka mtu aliyesimama, na bondia hasimami. "Wananitoza karo," Fundi alisema usiku mmoja akichora vijitu vyake, mdomo umevimba. Baada ya majuma kadhaa akaja na jibu: unaanza na pasi, mguu ukifagiwa bondia anatua, na akitua tu uzi unapita. Pigo hilo la pili lisingezaliwa bila ule mdomo.

Nikiyakumbuka hayo nakasirika na ninayoyaona sasa, na sitaki kuficha hasira yenyewe. Kwenye simu naletewa wanaojiita magwiji wakuu, wa umri wa miaka thelathini, mkanda una mistari kumi, mtindo una nembo, una wimbo, una cheti kinachotumwa baada ya malipo kuingia kwa simu. Wanafunzi wao wanaanguka kabla hawajaguswa. Hakuna Jumamosi. Hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa kuja kuwapiga. Kubuni si kosa, na anayewacheka wabunifu wote kwa sababu ya hawa hajui historia ya anachokicheza. Kosa ni kubuni jina kabla ya pigo, kisha kufunga mlango. Mwalimu wa mjukuu wangu anadhani heshima inatoka kwenye umri wa kata. Hawa wengine wanadhani inatoka kwenye mkanda. Wote wawili hawajaonyeshwa ua ule.

Miaka ya themanini nguo ilipoadimika tulicheza na suruali za magunia ya unga, maandishi yakiwa makalioni, na hakuna aliyejali. Wanafunzi walianza kudai mikanda kama wenzao wa karate. Fundi alikataa, akabanwa sana, mwishowe akakata kitambaa cha marekani, akaichemsha kwa magamba ya mkoko, ikatoka rangi ya udongo mwekundu. Rangi ilikuwa moja kwa wote, yeye mwenyewe akiwemo. Tulipoomba kushiriki mashindano, chama kimoja kilituambia hatutambuliwi kwa kuwa hatuna makao makuu nje ya nchi. Barua ya jibu Fundi alitaka kuiandika, akaacha, akasema ana suruali za harusi za kumaliza.

Miaka ya tisini ilikuja na vibanda vya video na Van Damme, na watoto wakataka tena mateke ya kichwani. Wengi walihama. Macho ya Fundi yakapungua nguvu, akashona kwa kupapasa, akafa. Nyumba ikauzwa, mwembe ukakatwa, na leo pale pana ghorofa lenye maduka ya simu chini. Sina la kusema zaidi juu ya ghorofa.

Daftari alimwachia yule binti wa khanga, wala sisi wavulana hatukushangaa, kwa kuwa watoto aliowafundisha yeye hawakuwahi kuanguka mtihani. Sasa ni mtu mzima, anaishi Mbagala, anafundisha wasichana alasiri kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba yake. Hana nembo. Ameongeza mapigo mawili ambayo Fundi hakuwa nayo, ya mtu aliyebanwa kwenye kiti cha daladala, na nilipokwenda kuyatazama niliyaona ni mazuri kuliko baadhi ya yale ya zamani. Moja la zamani amelichora mstari mwekundu. Jumamosi anawaalika wavulana wa jirani wanaocheza ngumi, nao wanakuja.

Juzi alinipigia simu. Ana mwanafunzi mrefu mno, na mguu wa nyuma ukienda pembeni unachelewa. Akaniuliza Fundi alifanyaje na yule mbeba mizigo, ambaye naye alikuwa mrefu, alipokuwa anamfundisha. Nikamwambia alimfupishia hatua, kisha akamkunja goti la mbele zaidi ya sisi wengine. "Kwenye daftari hakuna," akasema. Nikamwambia aandike.