Kunde za Keroka

Soko la Keroka limekaa mpakani, upande mmoja Kisii na upande wa pili Nyamira. Atokaye Mombasa hulifikia hali baridi imekwisha kumpenya, kwani vilima vya Gusii vimeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Tulikwenda huko kuwazuru jamaa, na mazungumzo ya akina mama yakaishia pale yanapoishia siku zote: jikoni.

Wauzaji wa mboga wengi ni wanawake, nasi tulizitambua mboga zao kabla ya kuyajua majina. Chinsaga ndiyo mgagani wetu, rinagu ni mnavu, na egesare ni majani ya kunde. Tofauti ni kwamba sisi tungetia nazi, wao hutia maziwa. Mama mwenyeji wetu alitueleza kuwa chinsaga hupikwa, ikamiminiwa maziwa, ikaachwa mpaka uchungu wake utulie, na kwamba mzazi hulishwa hiyo ili damu irudi. Kwake yeye chakula ni obokima wa wimbi, wenye rangi ya udongo. Ugali mweupe wa mahindi huuhesabu kuwa mgeni.

Na kweli ni mgeni. Wimbi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ukavuka bahari hadi Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Mahindi, ijapokuwa jina letu layasingizia Uhindi, asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioyaleta Afrika. Huku Gusii yalienea chini ya Waingereza, waliowashambulia wenyeji mwaka 1905 na tena 1908, wakateka ng'ombe kwa maelfu, kisha wakatoza kodi.

Lakini kunde ndizo zilizotushughulisha zaidi. Hizo ni za Afrika, na zilifika Marekani kwa njia ya merikebu za watumwa. Leo katika majimbo ya kusini mwa Marekani, kunde na wali huliwa siku ya mwaka mpya, weusi kwa weupe, ingawa wao hutia nguruwe. Bamia nayo ilivuka, na mchuzi mashuhuri wa Louisiana uitwao gumbo umepata jina kwa neno la Kibantu la bamia, kingombo. Karanga ilisafiri mara mbili: ilitoka Amerika ya Kusini ikaletwa Afrika, kisha huko kusini mwa Marekani ikaitwa goober, kutokana na neno la Kikongo, nguba. Walionyang'anywa hata majina yao waliwafundisha mabwana zao jina la karanga!

Katika kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia, aliishi mtumwa Mwislamu aitwaye Bilali Muhammad, mzaliwa wa Futa Jallon. Aliacha maandishi ya Kiarabu ya kurasa 13 kuhusu udhu, adhana na ibada. Wanachuoni wameyaandikia mengi maandishi hayo, na yastahili. Sisi tulivutwa zaidi na bintiye, Margaret. Katika miaka ya 1930 kitukuu wa Bilali alisimulia jinsi bibi yake huyo alivyokuwa, siku moja kila mwaka, akiroweka mchele usiku kucha, akautwanga kinuni asubuhi, akatia asali au sukari, akaufinyanga vikate kwa mikono na kuwagawia watoto. Aliviita saraka. Msomaji hahitaji kuelezwa kuwa hiyo ni sadaka.

Ni rahisi kusikitika kwa ajili ya Georgia. Malindi iko karibu zaidi. Mji huo ulifufuliwa katika miaka ya 1860 kwa mashamba ya mtama na ufuta, na waliolima walikuwa watumwa, wengi wao kutoka pande za Nyasa na Uyao. Walipewa vipande vidogo vya ardhi wajilimie chakula chao. Vipande hivyo viliitwa makonde. Wanawake wao walitwanga, wakapika na kulea katika nyumba zetu. Mapishi ya Lamu na ya Mombasa tunayasifu kwa asili yake ya Arabuni na Uhindi. Asili ya Nyasa hatuitaji mezani.

Utumwa ulifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907. Msichana aliyezaliwa utumwani katika miaka ya 1880 alikuwa bado kijana mwaka huo, na huenda aliwapikia wajukuu hadi miaka ya 1940. Baadhi ya wazee wetu walio hai leo walilishwa na mikono hiyo, na bado wanaweza kuulizwa ni nini walichopikiwa, na chakula hicho kiliitwaje.