Bi Nane Anapisha

Nilimpeleka mama mkubwa kutazama Nguzo Mama kwa sababu nilikuwa na tiketi mbili na rafiki yangu alighairi jioni ile ile. Sikuwa na nia nyingine. Ningefikiri vizuri, nisingempeleka.

Tamthilia yenyewe wengi wenu mnaijua. Penina Muhando aliitoa mwaka 1982, wakati hotuba za ukombozi wa mwanamke hazikauki majukwaani. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo iitwayo Mama, na nguzo haisimami. Badala ya majina wana namba: Bi Moja, Bi Pili, mpaka Bi Nane. Nikiri tu kwamba kitabuni namba hizo zilinikera. Kila mmoja na shida yake, kama mabango ya semina.

Bi Nane ndiye mjane. Ndugu wa mume wanakuja, wanachukua mali. Kundi lililoigiza lilikuwa la vijana wasio na hela. Jukwaa tupu, hakuna kabati wala kitanda, kwa hiyo mashemeji walibeba hewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, maana waigizaji wetu ukiwapa msiba hawabakizi chozi. Binti yule hakulia. Alipisha. Kila “kitu” kilipopita alirudi nyuma hatua moja, akainua pazia lisilokuwepo ili wasijikwae, akainamisha kichwa kama mwenyeji anayesindikiza wageni. Ukumbi ulicheka. Walipotoka mara ya tatu alikuwa amegota ukutani, mkono bado uko juu, umeshika pazia. Hapo hakuna aliyecheka. Namba nane ikawa mtu.

Sheria naijua, nimewahi kuiandikia habari. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Watoto ndio wamtunze. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki wajane wawili wa Kitanzania waliotolewa majumbani mwao kwa kanuni hizo hizo. Vyote hivyo niliviandika. Nisichowahi kuandika ni kwamba baba mkubwa alipofariki, mwaka 1999, baba yangu na nduguze walikwenda Kariakoo na gari la kukodi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kilichofika kwetu ni cherehani ya mguu, nyeusi, maandishi ya dhahabu yamefutika nusu. Niliifanyia kazi zangu za shule juu yake hadi darasa la saba. Ya nani, sikuuliza. Nilijua.

Mama mkubwa anaishi Kigamboni, basi nikamsindikiza hadi Magogoni. Pantoni ilikuwa bado ng'ambo. Tulikaa kwenye benchi kati ya wauza karanga na watu wenye ndoo za samaki, nami nikawa natafuta pa kuanzia.

“Yule mtoto kacheza vizuri,” alisema mwenyewe. “Ila pale alinyamaza mno. Mi nilisema.”

“Ulisema nini, mama?”

“Nilimwambia baba yako, shemeji, ishikeni kwa chini, mguu mmoja umelegea.”

Akakaza khanga mabegani. Upepo wa bahari usiku ule ulikuwa mkali kidogo. Nilitaka kumwambia cherehani bado ipo kwa dada yangu, kwamba naweza kumletea hata kesho, nikaona jinsi maneno hayo yatakavyosikika baada ya miaka yote hiyo, kama nampa zawadi. Nikanyamaza. Geti likafunguliwa, watu wakaanza kusukumana na baiskeli zao.

“Ule mguu mliutengeneza?” aliuliza, akisimama.

“Tuliuwekea kipande cha kandambili. Mpaka leo kipo.”

“Kinafaa,” alisema, akachukua mfuko wake mkononi mwangu.