Mlima Unaomeza Maji

Sisi watu wa Kasongo na Kabambare hatukuzoea kubeba maji safarini. Kwetu mtu akienda kwa miguu toka asubuhi hata jioni hukuta vijito mara nyingi. Akiona kiu huinama, huteka kwa jani, hunywa, huendelea. Mto Luama na watoto wake wametulea hivyo. Desturi hiyo ndiyo iliyotutia aibu mwaka 2019, tulipopanda Nyiragongo.

Tulikuwa Goma watu wanne kwa arusi ya ndugu yetu. Mwenyeji wetu akataka kutuonyesha mlima wa moto ulio ndani ya Mbuga ya Virunga, ile iliyotengwa na Wabelgiji mwaka 1925. Njia inaanza Kibati. Askari wa mbuga alitangulia na bunduki yake, wachukuzi wakafuata, kila mmoja na bidoni lake la maji. Sisi pia tulikuwa nayo, lakini tuliyaona mazito, tukayaacha chini. Tulisema: mlima mkubwa namna hii, wenye msitu mbichi, utakosaje maporomoko?

Mwanzo wa njia ni msitu unaodondosha umande. Masikio yetu yalitafuta sauti ya maji kama mtu aliyepotea anavyotafuta sauti ya kengele ya kanisa. Hatukusikia kitu. Baadaye miti ikapungua, tukaingia katika mawe meusi, makali, yanayoviringika chini ya mguu. Hayo ni moto uliopoa. Mvua ikanyesha, tukafurahi. Lakini haikuacha hata kidimbwi kimoja. Ilianguka juu ya mawe ikapotea, kama maji yamwagwayo mchangani.

Mzee wetu aliketi chini. Midomo yake ilikuwa mikavu, na macho yalianza kumzunguka. Hapo mchukuzi mmoja, kijana mwembamba, alitua mzigo, akafungua bidoni lake.

"Baba, kunywa."

"Mwanangu, kijito kiko wapi? Tusikumalizie maji yako."

"Hakuna kijito, baba. Mvua ikinyesha, mlima unaimeza yote. Sisi wa chini tunanunua maji."

Tulinyamaza. Mzee akanywa, na sisi wengine, tusifiche neno, tukanywa pia. Kijana mwenyewe alilowesha ulimi tu. Tulipotaka kumlipa alicheka, akasema mgeni halipi maji.

Juu, penye mita 3,470, tuliona ziwa la moto likichemka ndani ya shimo. Wengi wamekwisha kuliandika, hatutarudia. Mmoja wetu alisema tu kwamba Padri hatahitaji tena kumweleza jehanamu.

Tuliporudi Goma, mwalimu mmoja alitufungulia ramani. Zamani sana, alisema, maji ya nchi ile yalikwenda kaskazini, Ziwa Edward, na huko Nili. Volkano za Virunga zikainuka, zikaziba bonde kama boma. Maji yakajaa nyuma yake, yakawa Ziwa Kivu, hata yakapata mlango upande wa kusini: Mto Ruzizi, unaoshuka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika. Na mvua inayomezwa na mlima haipotei. Huenda chini kwa chini, nyingine ikatokea ndani ya Ziwa Kivu lenyewe.

"Na toka Tanganyika?" tuliuliza.

Alisogeza kidole. Maji hutoka kwa Mto Lukuga, hapo Kalemie. Mlango huo nao uliwahi kuzibwa: Stanley alipoufikia mwaka 1876 alikuta nyasi na mchanga, na miaka miwili baadaye maji yakabomoa. Lukuga huingia Lualaba. Lualaba hupita Kongolo, hubanwa na miamba ile iitwayo Milango ya Jehanamu, hupokea Luama yetu, kisha... Kidole kilisimama Kasongo. Mzee wetu aliomba aonyeshwe tena tangu mwanzo. Mvua ya upande wa kaskazini wa milima ile inaweza kufika Misri kwa Mto Rutshuru. Ya upande wa kusini inapita kwetu. Tangu utoto tumeoga humo, wala hatukujua.

Tulipofungua mizigo tulikuta bidoni la yule kijana. Wakati wa kushuka alimpa mzee alibebe, nasi kwa kuchoka tukaondoka nalo. Tulisema tutalirudisha safari nyingine.

Tarehe 24 Aprili 2020 askari wa mbuga 12 waliuawa karibu na Rumangabo. Tulisali kwa ajili yao, tukimkumbuka yule aliyetutangulia njiani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka. Moto ulishuka hata Buhene, ukingoni mwa Goma, watu zaidi ya 30 wakafa. Ndugu yetu alituambia kwa simu kwamba kijana ni mzima, ila nyumba yake imeteketea. Tulikusanya kidogo tukampelekea kwa mkono wake. Bidoni tuliliacha lingoje, kwa kuwa mzee alitaka kulipeleka mwenyewe.

Januari 2025 vita viliingia Goma. Tangu hapo hatujapata habari za kijana. Bidoni limewekwa nyumbani kwa mzee, karibu na mlango. Wajukuu wanakatazwa kulitumia, lakini kila Jumamosi yeye hulichukua, huenda kuliosha, hulijaza, hurudi nalo.