Kuchagua randa ya umeme: mbao ikitoka hairudi

Wengi mnaniuliza mtu wa kisiwani anafanya nini Karagwe msimu wa mvua. Leo jibu ni jepesi: anaranda milango.

Nyumba yetu ya Kayanga ni ya zamani, na tunaikarabati chumba baada ya chumba. Milango ni ya mkaratusi na mgrevilea, miti inayopandwa huku na kule Kyerwa, karibu na migomba na kahawa. Mbao nyingi huuzwa zikiwa mbichi. Zikikauka zinapinda, mvua zikija zinafura. Mwezi wa Novemba mlango wa mavyaa ulikwama usiku, yeye yumo ndani, naye anatembea kwa mkongojo. Ilibidi mume wangu ausukume kwa bega. Milango ilikuwa saba yenye tabia hiyo, kwa hiyo tukaamua kununua randa ya umeme. Kuichagua nikapewa mimi, maana fedha ni za upatu wangu.

Nilianza na upana. Randa nyingi za mkononi zina kisu cha milimita 82. Ubavu wa mlango ni kama milimita 40, kwa hiyo hiyo inatosha na kubaki. Ya milimita 110 inawafaa wanaoranda mbao pana. Mimi nataka ya kilo 3 hivi, nisichoke mkono kabla mlango haujaisha.

Kisha kina. Wauzaji husifu wati, na kwamba mashine inakula milimita 3 kwa mpigo mmoja. Mimi niliuliza kinyume chake: inaweza kula kidogo kiasi gani? Kirungu cha mbele kizunguke kwa hatua ndogo, na ukikiacha kisicheze. Mlango uliofura Novemba utanywea Julai. Ukiuranda mpaka upite kwa raha wakati wa mvua, kiangazi utabaki na upenyo, na chumba cha kulala kinataka sitara. Nusu milimita, unajaribu kufunga, unarudia.

Visu navyo viangalie. Chukua vya makali pande mbili: upande mmoja ukiwa butu unakigeuza. Uliza kama visu na mkanda wa akiba vinapatikana Kayanga au Omurushaka, au kila mara utasubiri mzigo wa basi kutoka Bukoba. Mashine isiyo na vipuri ni pambo la kabati.

Ya betri ya volti 18 inapendeza umeme unapokatika. Lakini kama huna kifaa kingine kinachotumia betri hiyo, unalipia betri na chaja kwa kazi ya mlango mmoja mmoja. Nikachukua ya waya. Umeme ukiwa mdogo na mota ikaanza kunguruma kwa shida, naizima nasubiri.

Dukani, kabla ya kuchomeka, pindua mashine na ulaze rula ya chuma chini yake. Bati la nyuma na ncha ya kisu viwe sawasawa. Kisu kikizidi kitachimba mbao mwishoni.

Sasa mavazi, maana sisi tuna vitambaa vingi. Dera la mikono mipana halifai. Mtandio ufunge, ncha zote ziingie ndani ya nguo. Vaa miwani na barakoa, hasa kwenye rangi kuukuu. Ng'oa misumari kwanza. Ukiachia swichi kisu bado kinazunguka, usiiweke chini mpaka kinyamaze. Na usiguse kisu plagi ikiwa ukutani.

Mlango wa mavyaa ulitaka mipigo minne tu upande wa kitasa. Kwa ncha ya juu randa kutoka pembeni kuelekea katikati, pande zote mbili, la sivyo kona inapasuka. Kisha siku hiyohiyo paka vanishi ubavu uliorandwa. Mbao iliyo wazi hunywa unyevu, na mvua ya pili utakuta mlango umefura tena.

Wifi yangu wa Nkwenda, Kyerwa, ameshaweka zamu kwa milango yake. Randa nitampelekea inshallah. Vanishi atanunua mwenyewe.