Nani alikuwa shambani?

Kuna maneno mawili yanayonikera kila nikisoma habari za divai nyekundu ya Burgundy, kule Ufaransa: "mwaka mzuri". Wanaojua mambo wanaandika kwamba 2005 ulikuwa mwaka mzuri, 2004 mbaya, basi, habari imekwisha. Utadhani mvua na jua ndivyo vilivyotengeneza divai!

Hebu tuangalie shamba la Clos de Vougeot. Lina hekta kama 50 tu, ila wenye vipande humo ni kama 80. Zabibu ni aina moja, Pinot Noir. Ni kweli udongo wa juu ya mteremko unaushinda wa chini, lakini hata majirani wanaopakana, wenye mvua ileile na jua lilelile, hutoa divai zisizofanana.

Chukua 2003, joto kali lilipoipiga Ulaya. Wengi Burgundy walianza kuvuna Agosti, badala ya Septemba. Aliyepunguza majani aliziacha zabibu ziungue. Aliyeyabakiza alizipa kivuli. Aliyechelewa kuvuna aliupoteza ule uchachu unaoipa divai uhai. Mwaka uliofuata mambo yakageuka: mizabibu ilizaa mno, jua likawa haba. Hapo alipona mwenye moyo wa kukata vichala vibichi na kuvitupa, ili vilivyobaki viive. Kutupa mavuno yako kwa mkono wako mwenyewe si mchezo, jamani.

Divai ikianza kutengenezwa, ubishi unahamia kwenye vikonyo. Henri Jayer, aliyefariki 2006, aliviondoa vyote. Domaine de la Romanée-Conti wao huchachusha vichala vingi vikiwa vizima. Kikonyo kilichoiva huongeza harufu na ukakasi mzuri. Kibichi huleta ladha ya majani. Kisha linakuja pipa la mwaloni la lita 228: likiwa jipya, linaweza kuipamba divai au kuifunika kabisa.

Yanamhusu nini mwandishi wa gazeti wa Dar? Yananihusu sana. Hata sisi huandika "ukame umeleta njaa", nukta. Ukame upo, sikatai. Lakini tukiishia hapo tunamfuta mkulima aliyejipanga, na tunamkinga mkubwa aliyepaswa kuamua jambo asiamue. Ni rahisi kuilaumu mbingu, kwa kuwa haina afisa uhusiano wa kukanusha.

Kwa hiyo ukiniambia mwaka ulikuwa mbaya, nitakuuliza kwanza: nani alikuwa shambani, na alifanya nini?